Amplifaya Iliyokuwa Ikihema

Hata ukiipunguza sauti mpaka mwisho, mtu aliendelea kuhema ndani ya amplifaya. Ndivyo Saida alivyomweleza Nassibu, fundi wa redio pale Lindi, baada ya kuitua mezani ile amplifaya ya kizamani, ya kutumia taa za kioo, ya marehemu baba yake.

"Shikamoo fundi. Na ukigusa voliumu, inakwaruza."

"Marahaba. Nyie watu wa kijijini Sudi, panya akipita darini mnasema jini!" Nassibu alijibu kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara.

Sauti ndiyo iliyokuwa mali yake. Mikono yake ilikuwa ya kubahatisha. Riziki yake hasa ilitoka kwenye kusherehesha harusi, alikolipwa kuwadhihaki mashemeji za watu. Kesho yake alikuwa na harusi kubwa, na majivuno yake siku hiyo hayakuvumilika.

Akachomoa waya wa kuingizia sauti. Kuhema kukaendelea kwenye spika. Akaizima, akafungua boksi, akaipima voliumu kwa mita, mshale ukarukaruka. "Imekwisha hii. Kutu tu, dada." Alipoinama kuing'oa akakuta hirizi ya ngozi imefungwa kwa uzi mweusi kwenye kijiti cha voliumu.

"Ifungue taratibu, fundi," Saida akanong'ona. "Baba alimtuliza ruhani humo. Ukiweka mpya, uifunge tena kabla hujawasha."

Fundi mwenye akili angeifunga, walau kumridhisha mteja. Huyu mpumbavu akaikata kwa koleo, akaichoma kwa chuma cha kulehemu huku akicheka. Ngozi ikiungua hunuka. Hii ilinukia udi. Saida akarudi nyuma mpaka mlangoni.

Nassibu akalehemu voliumu mpya, akawasha. Taa zikawaka. Hakukuwa na kuhema tena.

"Umeona? Jini lako..."

Neno lililofuata, "limekimbia", halikutoka kinywani mwake. Lilitoka kwenye spika. Akajaribu tena, midomo ikacheza, spika ikasema. Akaikimbilia voliumu, akaipunguza, na sauti yake ikafifia nayo. Akachomoa waya ukutani, lakini taa hazikuzimika, na spika ikaanza kusema yenyewe kwa sauti yake ileile ya harusini, ikimtaja mkewe, mama mkwe wake, mteja mmoja baada ya mwingine, na kila tusi alilowahi kuwatukana kisogoni, huku harufu ya udi ikizidi na majirani wakijaa mlangoni kusikiliza, naye akijiziba kwa mikono miwili mdomo ambao ulikuwa umefumba tayari.

Majirani wakamwita Mwalimu Abdulrazak wa madrasa. Akafukiza ubani, akasoma mpaka jasho likamtoka, kisha akauliza kwa upole, "Wataka nini, ndugu yetu, umrudishie sauti yake?"

"Kidogo sana," spika ikajibu kwa dharau. "Hirizi ile, kinga ya nyumba yangu, kaichoma huku anacheka. Aniombe radhi. Nikimsikia, naondoka."

Watu wakashusha pumzi. Nassibu akapiga magoti mbele ya amplifaya na, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akataka kusema neno la adabu. Midomo ikatetemeka: radhi, radhi, radhi. Hapakutoka hata mnong'ono, wala spika haikumsemea.

"Sijasikia," sauti yake ikamwambia. "Ongeza sauti."