Mstari wa Mwisho wa Ketsia

Kila siku akitoka shule, Syntiche alimsaidia mama yake kuanika ndakala, samaki wadogo kama dagaa, ufukweni mwa ziwa, huko Kalemie. Zamani waliifanya kazi hiyo pamoja na dada yake, Ketsia, huku wasichana hao wawili wakiongea Kisuvi, lugha waliyoitunga wenyewe ili watu wengine wasielewe siri zao. Ketsia ndiye aliyeweka sheria zake, na kubwa ilikuwa hii: mtendaji hutajwa mwisho. Kusema "paka amekula samaki," ulisema "samaki kula paka." Hata katika mashairi yake, Ketsia hakukubali sheria hiyo ivunjwe.

Kisha Ketsia akashikwa na malaria. Mama yao, Mama Séraphine, alikuwa amepanda boti kwenda Moba kununua maharagi. Shangazi alimkimbiza mtoto hospitali, lakini homa ilikuwa imezidi. Mama aliporudi, alikuta Ketsia amekwisha kuzikwa.

Baada ya matanga, Mama alileta daftari la Ketsia.

"Syntiche, hii shairi aliiandika hospitali. Mustari wa mwisho unasema nini?"

Syntiche akasoma: *Yoma sete nilu.* Mama, kungoja, mimi. Mtendaji alikuwa mwisho: Ketsia ndiye aliyengoja. Syntiche aliyatazama macho ya mama yake, yaliyovimba kwa kulia, akaogopa kumuumiza zaidi.

"Unasema: Mama ananingoja," akajibu.

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Basi alijua namuwaza. Nitamwambia Papa Adalbert ayaandike maneno hayo kwenye musalaba wake."

Jumamosi walikwenda kwa Papa Adalbert, mchora vibao. Alipochovya brashi kwenye rangi, Syntiche alimshika mkono.

"Papa, ngoja kwanza!" Akamgeukia mama yake, machozi yakimlengalenga. "Mama, nilikudanganya. Niliyapanga maneno kama ya Kiswahili. Kwa Kisuvi anayetenda anakuja mwisho. Ketsia aliandika: Namngoja Mama."

Mama Séraphine akaketi juu ya ubao. Alilia kwa muda mrefu, na Papa Adalbert akaweka brashi chini.

"Aliningoja," Mama alisema hatimaye. "Hata siku ile nilipotabasamu, moyoni niliogopa kwamba mutoto wangu alikufa akisema nimemutupa. Kumbe alijua niko njiani. Muntu hamungoji yule asiyerudi."

"Nisamehe, Mama. Sikutaka uumie."

Mama akamvuta karibu. "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini sikia: Ketsia hawezi tena kusimama aseme, 'Sikusema hivyo.' Umebaki wewe tu unayejua lugha yake. Ukiyageuza maneno yake, hata kwa huruma, unamunyima sauti. Sema kweli, hata kama inaniliza."

Kisha akamwambia Papa Adalbert, "Andika kwa Kisuvi, vile alivyoyapanga yeye."

Syntiche akamtajia herufi moja moja, na hakukosea hata moja.