Sevisi Tano za Gari la Fundi

Jumamosi ile ukumbi wa kuuzia magari ulijaa watu utadhani magari yanagawiwa bure. Katikati ya msongamano huo Shangazi alikuwa ameshaketi kwenye usukani wa kigari chekundu, mkoba mapajani, akikataa katakata kushuka. Shangazi ni mshonaji, na ndiye aliyemlea Fundi tangu akiwa na miaka sita. Fundi mwenyewe alisimama kando na ovaroli la bluu, nywele amezifunga kitambaa, kucha zina ule weusi usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Alikuwa ametoka gereji moja kwa moja, na aibu hakuwa nayo hata chembe. Gereji ni yake, ameijenga mwenyewe, na wapo wanaume wazima mjini wasiokubali boneti zao ziguswe na mtu mwingine.

Akatokea muuzaji, shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka unaogopa kulisogelea. Kwa sauti ya upole akamweleza Shangazi habari ya mpango wa kulipia sevisi kabla: unalipa leo mara moja, unapata sevisi tano, oili na filta ndani yake, kwa miaka mitatu hujui tena kusumbuka. Shangazi, ambaye kusumbuka ndicho kitu anachokichukia kuliko vyote duniani, alikwishatoa kalamu.

"Shangazi, rudisha kalamu kwanza," Fundi alisema, kisha akamgeukia yule bwana. "Kaka, hizo sevisi zinakwenda kwa kilomita au kwa miezi?"

"Kila kilomita elfu kumi. Asiyefikisha, mara moja kwa mwaka."

"Na ambazo hazijatumika miaka mitatu ikiisha?"

"Zinapotea," muuzaji alijibu, bila kumumunya maneno.

"Basi huyu mama anatoka nyumbani kwenda kushona, anatoka kushona kurudi nyumbani. Kwa mwaka hamalizi elfu nne. Atapata sevisi tatu, mbili atawaachia nyinyi. Breki zimo?"

"Breki, betri na matairi havimo."

Muuzaji mwingine hapo angeanza kuzungusha maneno. Huyu alizikunja karatasi zake, akamwinamia Shangazi dirishani na kumwambia kwamba binti yake amesema kweli, mpango huo unamfaa mtu anayetembea sana na kwake yeye haulipi. Fundi akamtazama upya. Safari hii hakuwa anatazama karatasi, na sitasema uongo, mabega ya yule bwana yalikuwa yamekaa vizuri ndani ya lile shati. Muuzaji naye akajikohoza, akaomba namba ya simu, akisema huenda akapata wateja wenye shida ya breki.

"Breki za nani?" Shangazi aliuliza kutoka ndani ya gari.

Namba ilitolewa, na mpaka wiki inaisha Fundi alikwishampa jina la Shati. Shati alipiga simu kila mchana, na kila mchana simu ilipokelewa ikiwa juu ya tairi, mwenyewe akiwa uvunguni.

"Uko wapi, laazizi?"

"Chini ya lori."

"Nikusubiri?"

"Likiniangukia usisubiri."

Kila Ijumaa Fundi alimpitia kazini na gari lake, sedani kuukuu ya kijivu, wakaenda kula au kuzurura tu. Gari lenyewe lilikuwa linakohoa asubuhi na jioni. Shati aliuliza mara moja, akajibiwa litaangaliwa Jumapili. Jumapili ikifika, kuna mtu amekwama upande wa pili wa mji, na Fundi hajui kumwambia mtu aliyekwama kwamba amepumzika. Anatupa vyombo vya kazi kwenye buti, huyoo, kashaondoka. Hivyo ndivyo miezi minane ilivyokwenda, na mapenzi yakashika mizizi.

Lakini kabla ya Shati alikuwepo mwingine, mtamu wa maneno, ambaye kila wiki alimuuliza Fundi ataacha lini kushika vyuma awe mwanamke kama wenzake. Fundi alimwacha yeye, vyuma akabaki navyo. Aliapa moyoni kwamba atakayemtaka atamtaka na spana mkononi, la sivyo asimtake.

Siku yake ya kuzaliwa alivaa gauni la kijani kibichi na hereni ndefu, manukato yakaishinda harufu ya oili kwa shida. Walikaa meza ya pembeni, mchana, hoteli imejaa. Shati akasukuma bahasha mezani huku anatabasamu kama aliyeficha pipi. Fundi akafungua, akaona nembo ya kampuni, namba ya gari lake, na maneno ya ule ule mpango. Kumbe siku hizi wanautoa hata kwa magari ya zamani.

"Hii nini?"

"Sevisi tano, mpenzi. Za gari lako."

"Mimi kazi yangu nini?"

"Fundi. Wewe ni..."

"Ningekuwa mpishi ungeniletea sahani ya chakula kutoka kwa jirani?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Mikono hii imekuaibisha lini, Shati?"

Aliinuka, mkoba begani, bahasha mkononi. Shati naye uso ulikuwa umembadilika, maana ana kiburi chake cha kazi, chinichini tu, wala hakikuwahi kuguswa.

"Miaka sita nauza mpango huu," alisema. "Sijawahi kumpa mtu kitu kisichomfaa. Unafikiri ningeanza na wewe?"

Fundi alisikia, na alikwenda zake. Bahasha aliitupa mbele ya usukani, ikalala hapo. Siku mbili simu ya Shati ililia bila kupokelewa, ya tatu haikulia. Kila mmoja akakaa na heshima yake, na wote wawili walikuwa wanakonda. Shangazi alipouliza yule mkaguzi wa breki yuko wapi, Fundi alimwambia amesafiri.

Siku ya kumi na moja, saa tano asubuhi, Fundi akiwa njiani kumwokoa mteja, sedani ilikohoa mara tatu ikazima katikati ya mzunguko wa barabara. Jua kali, magari nyuma yanapiga honi, na dereva mmoja akashusha kioo: "Fundi, hata wewe?" Alilisukuma pembeni, akafungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia oili. Kilitoka karibu kikavu, na kidogo kilichokuwepo kilikuwa cheusi tii. Akakumbuka stika ya kioo cha mbele, ile anayowabandikia wateja wote na kuwaandikia sevisi ijayo. Ya kwake ilikuwa na tarehe ya mwaka juzi. Mteja angemletea gari katika hali hiyo angemsema mpaka alie. Alisimama pale na kijiti mkononi, akaona haya peke yake.

Ndipo akaichukua bahasha. Ndani, nyuma ya mkataba, palikuwa na karatasi aliyokuwa hajaiona, mwandiko wa Shati. Kumbe kila Ijumaa alipopanda gari lile alisoma kilomita na kuziandika. Zilipangwa wiki baada ya wiki, na chini yake: "Kwa mwaka unatembea elfu ishirini. Sevisi tano zitakwisha kwa miaka miwili na nusu. Hakuna itakayopotea. Nimehesabu kama ulivyomhesabia Shangazi. Breki hazimo, hizo baki nazo, hakuna anayezijua kama wewe. Mimi nataka siku tano tu ambazo hutakuwa chini ya gari."

Fundi aliisoma mara mbili. Machozi yalimtoka na akayafuta kwa mkono wenye oili, kwa hiyo uso ukawa na michirizi. Akampigia kwanza mteja na kumtafutia fundi mwenzake wa karibu. Kisha akapiga simu nyingine.

"Uko wapi?"

"Kazini," Shati alisema, sauti imekaza.

"Nimeharibikiwa na gari."

"Gari la nani?"

"Langu. Usicheke."

"Sicheki," alisema, na alikuwa anacheka.

"Nimekukosea, Shati. Hesabu yako ni sahihi, na nimeitukana kazi yako mbele ya watu."

"Na mimi nilipaswa kukuuliza. Fundi hanunuliwi sevisi kwa kushtukizwa."

"Basi njoo na oili, lita nne, mpenzi wangu. Usikawie, wananipigia honi."

Alikuja na shati lake jeupe, akamimina oili kwa maelekezo, nusu lita ikamwishia kifuani. Fundi hakumwambia kwamba doa lile halitoki milele.

Sevisi ya kwanza ya mkataba ilifanyika Ijumaa iliyofuata. Shati alimpitisha Fundi na ovaroli lake katikati ya karakana ya kampuni, akawasimamisha mafundi wote.

"Jamani, wekeni spana chini kidogo. Huyu ndiye fundi niliyewaambia, mchumba wangu. Kila nati mtakayokaza ataijua."

Fundi akawasalimu, akaagiza filta ya zamani wasiitupe, anaitaka mkononi. Kisha wakaketi nyuma ya kioo cha chumba cha kusubiria. Sedani ilikuwa imeinuliwa juu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili ya kazi yeye alikuwa amekaa kwenye kiti.

"Mchumba?" alisema. "Uliniuliza lini?"

"Nakuuliza sasa. Utaolewa na mimi?"

Fundi alitazama mikono yake. "Na spana?"

"Ukiziacha nitajivunia nini?"

"Basi Jumapili njoo kwa Shangazi, jibu langu ni ndiyo. Ila vaa lile shati lenye doa. Aone umewahi kufanya kazi."

Halafu akainuka haraka akagonga kioo, kwa sababu yule fundi wa kampuni alikuwa anaikaza nati ya oili kupita kiasi.