Mtungi wa Wake wa Ndassa

"Mtungi mmoja unalea malkia wangapi?"

Yuster aliuliza hivyo siku aliyofika kijijini Nyantakara kuwa mke wa tatu wa Ndassa. Mawifi waliendelea kupukuchua mahindi. Bwana harusi akakumbuka ghafla kwenda kuangalia ng'ombe wake.

Yuster huyu ni binti wa shangazi yangu, wa Mabawe kule Ngara. Wazee walikaa, wakala, wakakubaliana. Yeye aliitwa mwishoni, kuja kupewa hongera. Nyumba ya Ndassa ilikuwa na desturi yake: mke anayeingia huja na kiganja cha udongo kutoka jikoni kwa mama yake, pale mafiga yanapokaa. Wa Yuster ulikuwa mwekundu. Mke mkubwa, Domisiana, anayeburuta mguu wa kushoto, aliupokea akaumimina mtungini.

Mtungini mlikuwa na sisimizi. Watu huweka miguu ya kabati kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasipande kwenye chakula. Domisiana aliweka miguu ya kigoda cha mtungi kwenye makopo ya maji ili wasishuke. Kila asubuhi aliwatilia sukari. Katikati yao walitulia malkia wawili weusi, wakubwa kama punje za mtama, mmoja amelemaa mguu.

Udongo wa Yuster ulipoingia, akaonekana wa tatu. Mwekundu.

"Kumbe na mimi nimepangiwa chumba," Yuster akacheka.

Aliyecheka naye ni Scolastica, mke wa pili, mcheshi, aliyemwita Ndassa "jogoo wetu" kila akigeuza mgongo. Domisiana hakucheka.

Asubuhi moja ya palizi, sisimizi walimburuta malkia mmoja mweusi hadi mdomoni mwa mtungi. Wakamkata kichwa. Kabla ya chakula cha mchana Scolastica alianguka kwenye mihogo, jembe mkononi. Walipomgeuza, mdomo wake ulikuwa umejaa sukari.

Yuster hakucheka tena. Na tayari alikuwa mjamzito.

Tumbo lilipoanza kuonekana, pembeni ya malkia mwekundu akatokea mwekundu mwingine, mdogo. Domisiana alimtazama malkia, akalitazama tumbo. "Wa kike," akanong'ona.

Kisha sisimizi wakaanza kumvuta yule mdogo. Taratibu. Kila siku kidogo, kuelekea juu.

Yuster alimwambia mumewe. Ndassa akasema mtungi ni wa marehemu mama yake, wanawake waache wivu. Yuster akapiga simu kwao. Shangazi akamwambia avumilie, ndoa ndivyo zilivyo. Hivi ni nani aliyewafundisha mama zetu kuita kaburi ndoa? Kliniki, nesi alimwambia mtoto anacheza vizuri.

Siku ya mnada wa ng'ombe, mtoto aliacha kucheza.

Yuster alikimbilia mtungi. Malkia mdogo alikuwa mdomoni kabisa. Wamemshika miguu yote.

"Dada, tuwamwagie maji ya moto."

"Ukimwaga tunakufa wote." Domisiana alizungumza bila kuinua macho. "Mimi siwaui, mdogo wangu. Nawalisha tu. Nimewalisha tangu mama mkwe afe, nikidhani wakishiba watatuacha."

"Basi nipe wangu."

Domisiana alitazama barabarani. Ndassa hakuwa amerudi. Akachomoa njiti ya ufagio, akawaopoa wekundu wawili, akawatia kwenye kopo tupu la maziwa pamoja na udongo wao. Wale waliobaki mtungini wote waligeuka. Wakatulia. Kama watu wanaosikiliza.

"Nenda sasa hivi."

"Na wewe je?"

"Mimi nina mguu huu."

Yuster alipanda bodaboda jua likiwa utosini, kopo amelikumbatia tumboni. Alilia njia nzima bila sauti. Walipoanza kupanda vilima vya Ngara, mtoto akapiga teke.

Alijifungua binti. Yu hai. Kopo liko chini ya kitanda, limesimama kwenye sahani ya maji. Shangazi alitaka kulitupa chooni. Lakini siku moja sukari iliisha dukani, na mtoto alikataa ziwa mpaka ikapatikana. Tangu siku hiyo hakuna anayeligusa. Yuster, aliyecheka, ndiye anayelisha.

Juzi Ndassa alipiga simu. Sauti ilikuwa ndogo. Aliuliza kama Domisiana yuko Mabawe, maana tangu ile siku ya mnada hajaonekana. Kandambili zake ziko pale pale kwenye kigoda. Makopo yamekauka. Mtungi ni mtupu.

Yuster alikata simu. Akavuta kopo, akafunua kitambaa.

Wekundu wawili walikuwa wamebanana pembeni. Mbele yao amesimama mweusi. Akajisogeza kwenye sukari, polepole, akiburuta mguu wa kushoto.

Nakuomba jambo moja. Ukipita Mabawe, mpelekee Yuster sukari, hata robo. Usimuulize ni ya nani.