Foleni ya Mchele

Kwenu wapi?

Swali dogo, wasomaji wenzangu. Hata mtoto wa chuo cha Kurani hulijibu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya historia, nikaulizwa mbele ya watu... nikakosa jibu.

Mama alifariki ningali mdogo. Baba hakuoa tena. Tulikaa wawili Mkunazini, mjini Unguja, yeye karani wa bandarini, mimi bintiye wa pekee. Nilikuwa mbishi tangu utotoni. Nikiambiwa jambo liko hivi, huuliza nani kasema. Baba alikuwa akicheka, akiniita "hakimu wangu".

Miaka michache baada ya Mapinduzi, mtaani kwetu kila mtu aliyetiliwa shaka asili yake alitakiwa alete mzee wa kwao amshuhudie kuwa ni mwenyeji. Baba akaitwa. Babake alikuwa Mshihiri, muuza kahawa aliyekuja mikono mitupu kutoka Uarabuni. Lakini mamake alikuwa mtu wa Makunduchi, na kitovu cha baba kilizikwa huko, kwenye kiambo cha wajomba zake. Akikasirika aligomba kwa Kimakunduchi. Kiarabu chake kilikuwa cha kuswalia tu!

Asiposhuhudiwa, kazi hana na kisiwa si chake. Atoke.

Tukenda Makunduchi kwa ami Ameir. Mamake na mama wa baba walikuwa ndugu wa tumbo moja, na wao wawili walilelewa pamoja. Mkewe, Bi Kazija, alitupikia muhogo wa nazi na changu wa kukaanga. Ami alimtania baba kwamba watu wa mjini hula kama ndege. Alipoelezwa shida yetu akasema, "Ndugu yangu, na hilo nalo la kuja kuniomba?"

Nilirudi mjini nimelala usingizi garini. Kwa nini nisilale?

Siku ilipofika, ofisi ya tawi la chama ilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Mwenyekiti akamuuliza ami kama anamjua baba. Akasema anamjua, mama zao ndugu. Nikashusha pumzi. Kisha akaulizwa kama huyu ni mwenzetu.

Ami aliitazama kofia yake mkononi.

"Wakati wa vita vile vikuu," alisema, "Mwingereza aligawa chakula kwa kabila. Waarabu mchele, sisi unga. Huyu alisimama foleni ya mchele. Alisema kwa mdomo wake kuwa yeye Mwarabu. Watu walimwona."

Halafu mtu mmoja dirishani akasema, "Mchele umekwisha, Sheikh. Leo unataka foleni yetu?" Watu wakacheka... wakacheka hadi wengine wakashika mbavu.

Nikasimama. Nikasema damu ya mtu haipimwi kwa kibaba. Nikasema foleni zile alizipanga Mwingereza, iweje leo tuzitumie sisi kutengana? Nikauliza ni wangapi mle ndani ambao babu zao wote walizaliwa Unguja. Mwenyekiti aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Na wewe, bibie, kwenu wapi?"

Nilimtazama baba. Nilimtazama ami.

Nikamwomba baba aseme, aeleze kwa nini alikwenda kwenye foleni ile.

"Keti, mwanangu," alisema. "Maneno yale niliyasema mimi."

Basi. Hakuongeza lolote, si siku ile wala baadaye.

Kazi ikaenda. Nikavuka hadi Dar es Salaam, kwenye ofisi moja ya kimataifa iliyosaidia watu waliokosa nchi. Mzungu mmoja alinisikiliza kwa adabu. Akauliza baba ni mtu wa nchi gani. Nikasema wa hapa hapa. Basi si mkimbizi, akasema, yuko kwao. Nikasema kwao wamemkana. Akafikiri, akasema basi labda atambuliwe na nchi ya babake. Nchi ambayo baba hajaiona hata siku moja! Ningemwambia nini? Ulimwengu ungemtambuaje mtu ambaye ndugu yake amemkana?

Baba aliondoka na sanduku moja, akaenda Mombasa. Nilipomtembelea nilikuta majirani wanamwita "Mzee wa Unguja". Alicheka, akasema amesafiri mbali kulipata jina lake. Alifia huko. Mimi sikuwahi mazishi...

Wasomaji wenzangu, nakusihini. Msiikubali kazi ya kuwapima watu asili. Leo umeshika mizani, kesho umewekwa juu yake. Na jirani yako akiulizwa kwao wapi mbele za watu, wewe unayemjua, usitazame kofia yako. Sema.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa baba aliuza kwao kwa sahani ya wali. Kisha ami Ameir akafa, nikaenda Makunduchi kumpa pole Bi Kazija. Alinikalisha mkekani, akanishika mkono.

"Wali ule ulikuwa wa harusi yangu, mwanangu," alisema.

Wazee wa Bi Kazija walikataa kumwoza kwa karamu ya ugali. Ilikuwa aibu. Baba, kijana aliyekuwa akiishi mjini, akenda akasimama kwenye foleni ya Waarabu, akaweka akiba kibaba kwa kibaba, mwenyewe akila muhogo, hadi gunia likajaa.

Ami Ameir ndiye aliyemwomba.