Kisoda na Wimbo wa Saa Moja

Masikio yako wazi? Miguu imetulia? Haya, twende Muheza, nyumbani kwa kina Sikudhani.

Sikudhani ana miaka sita. Mdogo wake, Kibwana, ana miaka miwili, na akilia, mtaa mzima unajua.

Mama yao ni nesi. Mwezi huu yuko kozini, Mtwara, mbali kweli. Kabla ya kuondoka aliwarekodia wimbo, akauweka kwenye flashi.

"Kila siku saa moja jioni, msikilizeni Mama," alisema. "Halafu mlale."

Lakini kompyuta yao ilikuwa zee. Ilikohoa: kho, kho, krrrr! Wimbo ukifika katikati, pu! Inazima.

Na jana ilizima moja kwa moja. Kibwana akalia mpaka akapata kwikwi.

"Mama! Nataka Mama!"

Sikudhani hakulia. Yeye ni dada mtu, bwana. Aligeukia ukutani tu.

Leo mchana, hodi hodi! Ni Shangazi Mwanamkuu, fundi wa redio, anayekaa nao mpaka Mama arudi. Katoka kazini.

"Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba, mwanangu. Nyoosha mkono, nikupe kitu."

Akamwekea kitu kidogo kiganjani. Kidogo kama kipande cha sabuni.

"Hii ni kompyuta," alisema Shangazi.

"Hii? Shangazi, unanitania!"

"Haki ya Mungu tena! Tutaiunga kwenye kioo cha lile zee. Kioo bado kizima."

Sikudhani akaicheka, akaipenda hapo hapo. Akaipa jina: Kisoda.

Wakamchomeka Kisoda kwenye umeme. Taa nyekundu ikawaka. Kwenye kioo, giza tupu.

"Amelala?" aliuliza Sikudhani.

"Bado hajui kitu. Hajui kusikia, hajui kuimba. Lazima tumpe mfumo, ndio umfundishe."

"Tumpe mkubwa!"

"Thubutu! Mfumo mkubwa ni mzito, Kisoda ataanguka chali. Tutampa Linux, mfumo mwepesi. Inamtosha kabisa."

Shangazi akatoa kadi ndogo, ndogo kama ukucha. Akaichomeka kwenye kompyuta yake ya mapajani, aujaze mfumo humo.

Sikudhani akahesabu namba zinavyopanda. Kumi. Hamsini. Tisini! Tisini na tisa. Tisini na tisa. Bado tisini na tisa!

"Jamani, hii nayo!" alisema Sikudhani.

"Subira, mwanangu. Tumwimbie."

Wakaimba:

"Kisoda kidogo, Kisoda chepesi,
amka polepole, haraka hatuna sisi."

Ting! Mia!

Kadi ikaingia tumboni kwa Kisoda. Chwi! Taa ya kijani ikapepesa. Pepe, pepe, pepe.

Maneno yakakimbia kwenye kioo, mstari juu ya mstari, vrrrrr! Kisha kioo kikawa cha buluu, kizuri hicho!

"Kaamka! Kisoda kaamka!" Sikudhani akaruka. Kibwana naye akaruka, ingawa hakujua kwa nini.

Wakachomeka ile flashi ya Mama.

"Sasa mwambie aimbe saa ngapi," alisema Shangazi. "Andika mwenyewe. Mimi chapati zangu zinaungua!" Akakimbilia jikoni.

Sikudhani hakufikiri mara mbili. Mama alisema saa moja. Kwa kidole kimoja akaandika moja, kisha sifuri mbili. 1:00. Tk, tk, tk.

Jua likazama. Wakaoga, wakala chapati, wakakaa mkekani. Saa ya ukutani ikafika saa moja kamili.

Kimya.

Wakaimba polepole:

"Kisoda kidogo, Kisoda chepesi,
amka polepole, haraka hatuna sisi."

Kimya.

Mdomo wa Kibwana ukaanza kutetemeka. "Mama... Mamaaa!"

Moyo wa Sikudhani ukauma. "Nimemharibu Kisoda," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Shangazi, nimemharibu."

"Hebu ngoja. Tazama pale pembeni ya kioo. Kisoda anasema ni saa ngapi?"

Sikudhani akasoma. "Moja... tisa... Kumi na tisa! Shangazi, saa kumi na tisa ndiyo saa gani? Haipo!"

Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kwetu sisi, jua likishazama tunaanza upya: saa moja! Lakini Kisoda anaanza kuhesabu saa sita usiku, na hapumziki. Moja, mbili, tatu... mpaka sasa amefika kumi na tisa."

"Na ile moja niliyoandika?"

"Hiyo ni saa saba usiku! Angewaimbia hata paka amelala."

"Loo, Kisoda!" Sikudhani akacheka, machozi yakiwa bado jichoni. "Kumbe tulikuwa hatuelewani!"

Akavuta kiti. Kumi na tisa, na dakika tano. 19:05. Tk, tk, tk, tk.

Wakasubiri. Kibwana alikuwa na kwikwi. Kwi. Kwi.

Pepe, pepe, pepe, ikafanya taa ya kijani.

Na sauti ya Mama ikajaa chumbani.

"Kalala kuku, kalala bata,
kalala mbuzi kwenye majani,
lala, Kibwana, lala."

Kibwana akanyamaza. Akalaza shavu mkekani.

Wimbo ukafika katikati. Sikudhani akaziba masikio, akingoja ile pu!

Pu haikuja. Kisoda hakukohoa. Kisoda aliendelea tu.

Sikudhani akaachia masikio yake. Huko mbele hakuwahi kufika hata siku moja.

"Na wewe, Sikudhani wangu," iliimba sauti ya Mama,
"unayembembeleza mwenzio,
nani anakubembeleza wewe?
Mimi hapa. Lala, mwanangu, lala."

"Shangazi!" alinong'ona Sikudhani. "Nimo! Na mimi nimo kwenye wimbo!"

"Ulikuwamo tangu mwanzo, mwanangu."

Safari hii Sikudhani hakugeukia ukutani. Alilala akitazama ile taa ndogo ya kijani.

Pepe. Pepe. Pepe.

Kibwana kalala. Sikudhani kalala. Na wewe unayesikiliza, sogea nikufunike.