Jiwe Lenye Kamba Nyeusi

Kila Jumapili, Honoka humsindikiza bibi yake, Bi Fusae, kwenye bustani ya kale ya mji wao. Ilifungwa miaka tisa ikikarabatiwa, na tangu ifunguliwe Bibi hajakosa hata wiki moja. Jumapili hii ya vuli, mvua ilinyesha tangu asubuhi na majani mekundu yalitapakaa njiani. Honoka alitangulia.

Kwenye njia panda, upande wa kushoto, palikuwa na jiwe dogo lililofungwa kwa kamba nyeusi. Hata mtoto wa chekechea wa mji huo anajua kwamba jiwe hilo ni alama ya njia iliyofungwa: penye jiwe hapapitwi. Honoka alijua pia, lakini fundo lilimvutia. Akaliokota alitazame.

"Honoka! Uko wapi wewe?"

Akashtuka, akalitua jiwe ovyo, upande wa kulia. Bibi akafika na mwavuli wake.

"Kumbe leo wamefunga huku," alisema, akashika njia ya kushoto.

Njia ile ilielekea kwenye daraja la bwawani lililokuwa bado likitengenezwa, mbao zake hazijapigiliwa misumari.

"Bibi, turudi nyumbani. Mvua hii!"

"Kwani wewe sukari, utayeyuka? Njoo!"

Honoka aliwaza: akisema ukweli, atagombezwa. Pengine Mzee Kuwabara, mtunza bustani, atamkataza kuja tena. Aliogopa sana. Bibi alikuwa ameshafika darajani, akatanguliza mkongojo.

"Bibi, simama! Jiwe nimelihamisha mimi!"

Bibi akasimama. Mbao iliyokuwa chini ya mkongojo ikateleza, ikatumbukia majini.

Mzee Kuwabara alikuja mbio, reki mkononi. "Nani kaligusa jiwe?"

"Mimi, Mzee," Honoka alijibu akilia. "Nililichezea, nikalirudisha pasipo pake. Nisamehe. Bibi, nisamehe."

Mzee aliegemea reki yake, akihema.

"Njia zangu hazina kufuli, binti. Jiwe lile mtu yeyote anaweza kuliruka. Linatulinda kwa sababu tunaaminiana tu. Umekosea kulichezea, ukakosea zaidi kunyamaza. Ila ukweli wako umemwokoa bibi yako. Siku nyingine useme mapema, usingoje mtu afike darajani."

Waliporudi njia panda, Mzee aliliokota jiwe akamkabidhi Honoka.

"Haya, liweke mwenyewe."

Honoka aliliweka kushoto kwa mikono miwili. Bibi alimshika bega, wakashika njia ya kulia.