Mhuri wa Mwalimu

Tangazo rasmi! Hadithi hii ni ya elimu tupu. Ndani yake hakuna busu wala machozi. Wazazi wakae kwa amani. Kuna Kiingereza, na jino bovu.

Jino lilikuwa la Mwalimu. Alilipeleka kliniki iliyofurika watu, tai nyekundu shingoni, shavu limemvimba. Daktari wa meno, koti jeupe na hereni za buluu, akamwambia, "Fungua."

"Hata hatujajuana!"

"Mdomo, Mwalimu. Si moyo."

Akafungua vyote viwili.

Mwalimu alifundisha Kiingereza shule ya bweni. Darasani alieleza kwa madaha maneno matatu ya kuruhusu: "Permit ni neno la mwenye mhuri. Allow ni la mzazi. Let ni la mtu aliyeacha mlango wazi akanyamaza." Wanafunzi waliandika. Yeye hakuandika.

Kila Jumamosi aliketi getini akigonga mihuri kwenye vibali vya kutoka. Jumamosi moja, foleni ndefu mbele yake, Daktari, ambaye sasa alikuwa mpenzi wake, akapiga simu.

"Mpenzi, nimepata nafasi ya masomo! Mji mwingine, mwaka mzima!"

Moyo wa Mwalimu ukashuka hadi kwenye soksi. Mdomo ukafuata mazoea.

"Nimekuruhusu. Usichelewe kurudi." Akagonga mhuri mezani. Pu!

"Kwani nani kaomba ruhusa?"

"Nilimaanisha..."

"Nimekuletea furaha yangu, bwana wee, nawe umeipigia mhuri!"

Simu ikakatwa. Akapiga tena na tena, haikupokelewa. Jumatatu Daktari angesafiri, na mtu akiondoka na hasira huondoka mara mbili.

Jumatatu asubuhi Mwalimu akamkuta kliniki, akipanga vitabu kwenye boksi. Akasimama kizingitini.

"Naomba ruhusa ya kuingia."

"Mlango si huo uko wazi? Nani kakuzuia?"

Akaingia. Tai ilikuwa imekaa upande.

"Niliogopa hutarudi. Nikajifanya mimi ndiye ninayekuruhusu uende."

"Na sasa?"

"Bado naogopa. Lete boksi, nikubebee hadi stendi."

Daktari akampa boksi, akamnyoosha tai.

"Nikirudi utanioa?"

"Naomba nise..."

"Acha kuomba, wewe! Jibu."

"Ndiyo!"

Boksi likaanguka. Hapo hadithi hii ya elimu iligeuka ikatazama ukutani, ikasoma bango la kupiga mswaki, lote, mara mbili.

Haya basi, nimekamatwa. Busu lilikuwepo. Machozi pia, na si wao waliolia; ni mimi.